Somo la 6: Baada ya Bendera Kupandishwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 15:1–24, Neh. 1:1–11, 2:1–8, Mwa. 26:17–22, Law. 19:33, 34, Kut. 18:13–26, Hes. 27:15–23, Mt. 22:15–22, Ebr. 11:8–10.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 5:13. Lisome leo katika Biblia yako, na ujiandae kulisema darasani Sabato ijayo bila kutazama.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, taa za Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, zilizimwa. Zilipowashwa tena, bendera ya Uingereza ilikuwa imeshuka, na bendera ya Tanganyika ilikuwa juu. Katika kilele cha Mlima Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru. Watu waliimba, wakalia kwa furaha, wakakumbatiana.

Desemba ndio mwezi ambao mkulima wa uwanda wa kati, kutoka Kongwa hadi Manyoni, hutazama mawingu na kujiuliza kama mvua itakuja. Asubuhi ya uhuru ilimkuta na jembe lile lile na shamba lile lile. Serikali ilikuwa mpya, lakini uwele na mtama vilikuwa havijapandwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Israeli. Sura ya 15 ya Kutoka huanza kwa wimbo wa ushindi kando ya bahari. Kabla sura haijaisha, baada ya safari ya siku tatu tu, watu wale wale wananung'unika kwa sababu ya maji. Kuvuka bahari kulichukua usiku mmoja. Kujifunza kuishi kama watu huru kulichukua miaka arobaini.

Somo la juma hili linafuata njia ambayo Tanganyika ilipita hadi kupata uhuru na kuunda serikali yake. Hakuna taifa la leo linaloweza kujiita Israeli mpya. Hata hivyo, maswali yaliyowakabili watu wa Tanganyika hulikabili pia kila kanisa na kila nyumba: Mtu aliyewekwa huru atumieje uhuru wake? Nani ahesabiwe kuwa mwenyeji? Na kiongozi aondokeje kitini?

JUMAPILI: Ombi Mbele ya Mfalme

Soma Nehemia 1:1–11 na 2:1–8. Nehemia alifanya nini kabla ya kusema na mfalme? Alipopewa nafasi, aliomba mambo gani?

Nehemia alikuwa mtumishi wa mfalme wa kigeni, na kazi yake ilikuwa ya heshima. Habari za ukuta uliobomoka zilipomfikia, alilia, akafunga, akaomba. Kisha alikwenda mbele ya Artashasta akiwa amefikiri vizuri. Alijua anataka likizo ya muda gani, barua kwa maliwali gani, na miti kutoka msitu gani. Maombi hayakumwondolea wajibu wa kupanga.

Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawekwa chini ya Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Maana yake ni kwamba Mwingereza aliitawala kama mdhamini, naye alipaswa kutoa hesabu. Tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam kutokana na chama cha zamani cha TAA, na mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere, akawa rais wake. Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akaeleza kwa maneno ya upole kwamba watu wa nchi yake wanataka kujitawala.

Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Wakati huo mshahara wa mwalimu ulikuwa kitu kikubwa, na chama kilikuwa maskini.

Makoloni ya Amerika yalipita njia nyingine. Yalipeleka maombi kwa mfalme wa Uingereza mara kadhaa, na yalipokataliwa vita vikaanza mwaka 1775. Tangazo la uhuru lilitolewa tarehe 4 Julai 1776, lakini amani ilitiwa sahihi mwaka 1783 tu, baada ya miaka minane ya damu. Tanganyika ilipata uhuru bila vita. Neema hiyo haipaswi kuzoeleka, kwa kuwa kila askari ambaye hakufa alikuwa mtoto wa mtu.

Je, kuna jambo ambalo umelililia kwa muda mrefu bila kulipangia hatua hata moja? Au umelipangia hatua nyingi bila kuliombea?

JUMATATU: Visima Vitatu

Soma Mwanzo 26:17–22. Isaka alifanya nini wachungaji wa Gerari walipogombania visima alivyochimba? Mwisho wake ulikuwaje?

Katika nchi kame, kisima ni uhai. Watu wa Ugogo wanaochimba mchanga wa korongo wakati wa kiangazi kutafuta maji wanaelewa habari hii kuliko wengi. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, nacho kikagombaniwa. Walichimba cha pili, nacho kikagombaniwa. Isaka alikuwa na haki na pia alikuwa na watu wengi, lakini aliondoka. Kisima cha tatu hakikugombaniwa. Akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewapa nafasi.

Mwezi Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, mji wa reli ya kati juu ya uwanda huo huo. Mbele ya wajumbe palikuwa na jambo chungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika waliokuwa mamilioni walipewa idadi ya viti sawa na Wazungu waliokuwa wachache sana. Tena, hakuweza kupiga kura mtu yeyote tu; ilibidi awe na elimu, kipato au cheo fulani.

Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususia. Hoja yao ilikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa kushiriki kulionekana kama kukubali tusi. Nyerere aliwasihi waingie katika uchaguzi pamoja na masharti yake, kwa kuwa kususia kungewaachia wapinzani viti vyote. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na wale waliowaunga mkono, Waafrika, Wazungu na Waasia, walishinda. Masharti yaliyowekwa ili kupunguza nguvu ya chama yakawa mlango wake. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama kilipata viti 70 kati ya 71. Historia inauita mkutano ule wa Tabora uamuzi wa busara.

Soma pia Mithali 16:32. Kuna jambo la dhamiri ambalo Mkristo hawezi kulilegeza hata kidogo. Vijana watatu katika uwanda wa Dura hawakuinama hata kwa nusu. Lakini mambo mengi yanayogawanya makanisa si ya dhamiri. Ni ya heshima iliyojeruhiwa. Hapo Isaka anaonyesha njia: mwamini anaweza kuacha kisima bila kuacha ahadi.

Utatambuaje kwamba jambo unalolishikilia ni la dhamiri, wala si la heshima yako tu?

JUMANNE: Mgeni Aliye Kati Yenu

Soma Kutoka 12:37, 38, 49. Mambo ya Walawi 19:33, 34. Na Matendo 17:26. Ni sababu gani Mungu anaitoa anapowaagiza Israeli wamtendee mgeni kama mwenyeji?

Watu wengi husahau kwamba waliotoka Misri hawakuwa wazawa wa Yakobo peke yao. Kundi kubwa la watu wa makabila mengine liliandamana nao. Swali la nani ni mwenyeji lilikuwapo tangu usiku wa kwanza, na jibu la Mungu lilikuwa fupi: sheria iwe moja. Sababu yake pia ilikuwa fupi. Wao wenyewe walikuwa wageni Misri, nao wanajua ilivyo.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Wabunge wengine, tena wa chama kile kile cha Nyerere, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Si vigumu kuelewa uchungu wao. Walikuwa wamekaa mlango wa nyuma katika nchi yao wenyewe. Waliona kwamba sasa ni zamu yao.

Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, alikataa. Alisema waziwazi kwamba kuufunga uraia kwenye rangi ya ngozi ni kufanya dhambi ile ile ambayo Waafrika walikuwa wametendewa, na kwamba kama Bunge lingeukataa muswada huo, serikali yake ingejiuzulu. Aliweka kiti chake rehani kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakumpigia kura. Muswada ulipita.

Linganisha na Amerika. Tangazo la mwaka 1776 lilisema kwamba wanadamu wote wameumbwa sawa, lakini watumwa waliendelea kuuzwa sokoni, na utumwa haukukomeshwa katika nchi yote hadi mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Neno zuri lililoandikwa na kuachwa bila kutendwa lilidaiwa kwa gharama kubwa baadaye.

Jaribu kubwa la mtu aliyeonewa ni kutaka zamu ya kuonea. Ndiyo maana Mungu aliwakumbusha Israeli Misri mara nyingi. Kumbukumbu ya mateso yao ilipaswa kuwa mlango wa huruma.

Katika kanisa lako, ni nani anayehesabiwa mgeni hata baada ya miaka mingi: aliyehamia kikazi, wa kabila jingine, aliyeolewa kutoka mbali, aliyebatizwa akiwa mzee? Sabato hii utafanya nini kwa ajili yake?

JUMATANO: Kiti Kinachoachwa

Soma Kutoka 18:13–26 na Hesabu 27:15–23. Ni hatari gani Yethro aliiona katika uongozi wa Musa? Musa aliomba nini alipoambiwa kwamba siku zake zimekaribia mwisho?

Musa alikuwa mwaminifu, lakini aliketi peke yake kutoka asubuhi hadi jioni. Mkwewe hakumlaumu kwa uvivu. Alimwonya kwamba angechoka yeye, na watu nao wangechoka. Basi mzigo ukagawanywa: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Miaka mingi baadaye, Musa alipojua kwamba hataingia Kanaani, hakuomba apewe heshima. Aliomba mkutano wa Bwana usiwe kama kondoo wasio na mchungaji, kisha akamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote.

Tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya uhuru, nchi ilishangaa kusikia kwamba Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu. Rashidi Kawawa alichukua nafasi yake. Nyerere alikwenda kukijenga upya chama na kuzungumza na watu vijijini, kwa kuwa chama kilichokuwa kimezoea kudai uhuru kilihitaji kujifunza kazi ya kujenga nchi. Mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa Rais, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, na Ali Hassan Mwinyi akachaguliwa. Huko Amerika, jenerali George Washington alirudisha madaraka yake ya kijeshi mwezi Desemba 1783, wakati ambapo wengi walidhani angeweza kujifanya mfalme. Na mwaka 1797 aliondoka katika urais baada ya vipindi viwili.

Sasa lete jambo hili karibu. Fikiria kundi dogo la waamini nje ya mji wa Dodoma. Mzee mmoja alilianzisha chini ya mti. Alitoa kiwanja, akafyatua matofali, akawalisha wageni wa makambi kutoka ghala lake mwenyewe. Kundi likakua, likaundwa kuwa kanisa kamili, na siku hiyo watu walishangilia. Miaka michache baadaye kamati ya mapendekezo inaleta majina, na jina lake halimo katika wazee wa kanisa. Anakaa kwenye benchi la tatu, funguo za kanisa zikiwa bado mfukoni mwake.

Atafanya nini na funguo zile? Na walio mbele wamempa heshima gani, au wamempuuza kama chombo kilichokwisha kazi? Pande zote mbili ziko kwenye mtihani. Yohana Mbatizaji alikubali kupungua (Yn. 3:30), lakini Yesu naye alimsifu Yohana mbele ya makutano (Mt. 11:11).

Ni nafasi gani umeishika kwa muda mrefu hata hujamfundisha mtu mwingine kuifanya?

ALHAMISI: Vya Kaisari na Vya Mungu

Soma Mathayo 22:15–22; Warumi 13:1–7; na Danieli 6:4–10. Danieli alikuwa mtumishi mwaminifu wa serikali. Ni wapi utii wake kwa mfalme ulifikia mpaka?

Wimbo wa taifa ulioimbwa usiku ule wa Desemba ulikuwa sala. Hata hivyo taifa halikufanywa kuwa la dini moja. Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi walikuwa wamedai uhuru pamoja, nao waliingia nyumbani pamoja. Leo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuamini, kuabudu na kubadili dini. Katika Marekani, badiliko la kwanza la katiba, lililothibitishwa mwaka 1791, lilikataza bunge kuweka dini ya taifa au kuzuia watu kuabudu.

Waadventista wana sababu ya kushukuru kwa ulinzi wa namna hii. Wamishonari wa kwanza wa Kanisa hili walifika Upare mwaka 1903, wakati wa Wajerumani, na tangu hapo waamini wameishi chini ya bendera kadhaa. Mwanafunzi aliyepangiwa mtihani siku ya Sabato, au mfanyakazi aliyepangiwa zamu siku hiyo, anajua kwamba uhuru wa dhamiri si habari ya vitabuni.

Lakini hakuna serikali ya wanadamu iliyo kamilifu, na Biblia haifichi jambo hilo (1 Sam. 8:10–18). Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Watu wale wale waliosema vizuri juu ya usawa waliogopa pia, na hofu ina sheria zake. Mkristo huiombea serikali, hulipa kodi, huheshimu viongozi, na husema kweli. Ila magoti yake huyapiga kwa Mungu peke yake, dirisha likiwa wazi kama la Danieli.

Utawezaje kusimama kwa ajili ya uhuru wa dhamiri wa jirani yako ambaye imani yake ni tofauti na yako?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, katikati, ili serikali iwe karibu na watu wa pande zote. Uamuzi ulichukua siku. Utekelezaji ulichukua kizazi kizima. Bunge lilianza kufanyia mikutano yake Dodoma mwaka 1996. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba serikali yote itahamia huko, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mahali hapo lilitokana na tembo aliyezama kwenye tope alipokuja kunywa maji. Juu ya ardhi hiyo sasa yamesimama majengo ya wizara.

Wengi waliopiga kura mwaka 1973 hawakuyaona majengo hayo. Ibrahimu naye aliishi katika hema maisha yake yote, akiutazamia mji ambao mwenye kuubuni na kuujenga ni Mungu (Ebr. 11:8–10). Mwamini hujenga miji ya hapa kwa bidii na kwa haki, akijua kwamba si ya mwisho. Aliyewekwa huru na Kristo hana haja ya kugombania kila kisima, wala kumfungia mgeni mlango, wala kushikilia funguo hadi kufa. Amekwisha kupewa nafasi katika mji ambao hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Maswali ya Kujadili:

1. Wajumbe wa Tabora walikuwa na haki ya kukasirika, lakini wakachagua njia nyingine. Jadilini mambo yaliyoligawa kanisa lenu siku za nyuma. Lipi lilikuwa la dhamiri, na lipi lilikuwa la heshima tu?

2. Kwa nini watu waliotoka katika uonevu huwa wepesi kuwaonea wengine? Injili inaukataje mnyororo huo? Tumieni Mathayo 18:23–35.

3. Rudini kwa mzee mwenye funguo mfukoni. Kama ungekuwa mchungaji wa mtaa, ungemwambia nini? Ungeliambia nini baraza la kanisa?

4. Rudieni Wagalatia 5:13 pamoja. Kila mmoja ataje tendo moja la huduma atakalolifanya juma lijalo kwa sababu yeye ni mtu huru.